Aliyefukuzwa kwa Kuwa Alishtaki



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotangazwa, parokia zetu hujaa shangwe. Baada ya wiki chache wengi wenu hufunga virago na kuelekea vyuo vikuu, wazazi wakiwa wameuza mbuzi au kukopa fedha kwa ndugu. Sisi wakubwa huwapa baraka, rozari na maonyo: msali, msome kwa bidii, mjihadhari na marafiki wabaya. Lakini kuna jambo moja ambalo mara nyingi hatuwaambii. Mtu mwenye mamlaka akikuonea huko, umwambie nani? Na ukisema, yatakupata yapi?

Swali hilo si geni. Historia inatupa mfano ulio wazi, nao ni wa msichana mmoja nchini Marekani ambaye mwaka 1956 alifukuzwa chuo kikuu. Hakufukuzwa kwa kushindwa masomo, wala kwa kuvunja kanuni za chuo. Alifukuzwa kwa kuwa alishtaki.

Binti wa mkulima

Autherine Lucy alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1929 huko Shiloh, katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Alikuwa kitindamimba katika nyumba ya mkulima mwenye watoto kumi. Wakati ule, sheria na desturi za kusini zilitenganisha Weusi na Weupe katika shule, katika mabasi, katika mikahawa, hata penye bomba la maji ya kunywa. Mwaka 1952 Autherine alipata shahada ya Kiingereza katika Miles College, chuo cha Weusi, akatamani kuendelea na masomo. Rafiki yake Pollie Anne Myers alimshauri waombe pamoja nafasi katika Chuo Kikuu cha Alabama, mjini Tuscaloosa.

Chuo kiliwakubali. Kilipotambua kwamba waombaji hao ni Weusi, kiligeuza neno lake. Wasichana hao wawili hawakurudi nyumbani kulia tu. Walikwenda mahakamani wakisaidiwa na NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, na miongoni mwa mawakili wao alikuwamo Thurgood Marshall, ambaye baadaye angekuwa Mweusi wa kwanza kuketi katika Mahakama Kuu ya Marekani. Kesi ilichukua karibu miaka mitatu. Mwezi Juni 1955, Jaji Hobart Grooms aliamuru kwamba chuo hakina haki ya kumkataa mtu kwa sababu ya rangi yake, na Mahakama Kuu ikathibitisha. Hata hivyo chuo kilipata sababu nyingine ya kumkataa Pollie, na Autherine akalazimika kuingia peke yake.

Tuukumbuke wakati wenyewe. Huko Montgomery, katika jimbo hilo hilo la Alabama, Weusi walikuwa wamegoma kupanda mabasi tangu Desemba 1955, baada ya Rosa Parks kukamatwa kwa kukataa kumpisha Mweupe kiti chake. Kwetu Kongo, chini ya utawala wa Wabelgiji, Chuo Kikuu cha Lovanium kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1954 tu karibu na Léopoldville, na kile cha Elisabethville kilikuwa kinakaribia kufunguliwa, mwaka 1956. Mwaka huo huo Thomas Kanza alihitimu huko Louvain, akiwa mlei wa kwanza wa nchi yetu kumaliza masomo katika chuo kikuu hicho cha Kikatoliki. Kwa hiyo, Autherine alipokuwa akigonga mlango wa Tuscaloosa, babu zenu nao walikuwa wakisimama mbele ya mlango kama huo.

Siku tatu za masomo

Autherine aliingia darasani kwa mara ya kwanza siku ya Ijumaa, tarehe 3 Februari 1956. Alikuwa na umri wa miaka 26. Chuo kilikuwa kimemkatalia kulala katika mabweni na kula katika ukumbi wa chakula pamoja na wenzake, hata ikambidi asafiri kila siku kutoka Birmingham, mwendo wa kilometa zipatazo 90. Usiku wa Ijumaa ile makundi ya watu yalianza kuandamana.

Jumatatu, tarehe 6 Februari, umati mkubwa wa wanafunzi na watu wa nje ulimngojea. Alipokuwa akisafirishwa kwa gari kutoka darasa moja kwenda jingine, walilitupia gari mayai na mawe, huku wakipaza sauti kwamba auawe. Alikimbilia ndani ya jengo la kitivo cha ualimu, milango ikafungwa, akabaki humo kwa saa kadhaa akiwasikia wenye kumtafuta. Baadaye alisimulia kwamba mle ndani alisali, akimwomba Mungu nguvu. Mwishowe polisi walimtoa akiwa amelala sakafuni mwa gari asionekane.

Jioni ile ile wakubwa wa chuo walikutana, wakaamua. Je, waliamua kuwafukuza waliotupa mawe? La. Walimsimamisha masomo Autherine, wakisema ni kwa usalama wake mwenyewe na wa wanafunzi wengine.

Tutue hapo kidogo, kwa sababu neno hili tunalijua. Msichana anamshtaki mwalimu wake, naye anahamishwa darasa, akiambiwa ni kwa faida yake. Kijana anatukanwa kwa sababu ya kabila lake, naye anashauriwa atafute nyumba mtaa mwingine, akiambiwa ni kwa amani yake. Kumwondoa aliyeonewa ni kazi rahisi kuliko kumkabili mwonevu. Neno “usalama” likitumika hivyo, hugeuka kuwa adhabu iliyovikwa nguo ya huruma.

Mashtaka na jibu lake

Mawakili wa Autherine walirudi mahakamani. Walidai kwamba chuo kimeidharau amri ya jaji, tena kwamba wakubwa wake walikula njama na umati ili wampate msichana huyo sababu ya kuondoka. Kuhusu njama, hawakuwa na ushahidi wa kutosha, na kabla ya hukumu waliliondoa dai hilo. Tarehe 29 Februari 1956 Jaji Grooms aliamuru Autherine arudishwe darasani.

Usiku wa siku hiyo hiyo Baraza la Wadhamini wa chuo lilikutana tena, likamfukuza moja kwa moja. Sababu iliyotajwa haikuwa rangi yake, maana mahakama ilikuwa imekataza. Sababu ilikuwa kwamba amekisingizia chuo mambo ya uongo. Mwezi Januari 1957 uamuzi huo wa chuo ulikubaliwa mahakamani. Kwa ufupi, umati uliomtafuta kumwua ulifanikiwa, na chuo kikapata kifungu cha kanuni cha kuuhalalisha ushindi wake.

Historia hii ina mafundisho mawili, na nawasihi msiyatenganishe.

La kwanza linawahusu wanaosikia mashtaka. Mawe yalikuwa mawe na mayai yalikuwa mayai. Gari liliona, polisi waliona, mji mzima uliona. Dai moja lisilothibitika halikuweza kuyafuta hayo. Lakini wakubwa wa chuo walilishika neno moja lililozidi, wakaliacha tendo zima. Ndivyo wafanyavyo wengi hata leo: mtu akieleza jinsi alivyoonewa, hawaulizi kama alionewa, huuliza kama amesema kwa adabu, kama hajakosea tarehe, kama zamani hakuwa rafiki wa mshtakiwa. Wazee walisema mnyonge hana haki. Hawakusema hivyo kwa kuusifu ulimwengu; walieleza jinsi ulivyo wakati hakuna mtu wa kumsimamia mnyonge.

La pili linawahusu wanaosema na wale wanaowasaidia kusema. Sema ulichokiona, ulichokisikia, ulichotendewa. Usiongeze hata neno moja la kudhania, hata kama dhana yako ina harufu ya kweli. Mwenye nguvu hahitaji kuukanusha ushahidi wako wote. Hutafuta tundu moja dogo, akalipanua mpaka mwenyewe upite humo na kutoka nje. Autherine mwenyewe hakuwa ameandika dai lile. Mawakili wake ndio walioliandika, kwa hasira iliyo haki. Hata hivyo malipo aliyabeba yeye.

Miaka 32

Mwaka ule ule Autherine aliolewa na Hugh Foster, mhubiri wa Injili, wakahamia Texas. Alipotafuta kazi ya kufundisha, jina lake lilimtangulia na milango ikafungwa. Ilimchukua miaka kuipata. Chuo Kikuu cha Alabama kilibaki bila mwanafunzi Mweusi hadi Juni 1963, Vivian Malone na James Hood walipoingia huku gavana George Wallace amesimama mlangoni kuwazuia.

Mwaka 1988, miaka 32 baada ya kumfukuza, chuo kiliufuta uamuzi wake. Autherine alirudi kusoma akiwa mama wa makamo. Mwaka 1992 alipokea shahada ya pili katika elimu ya shule za msingi, siku moja na binti yake Grazia, ambaye naye alikuwa amemaliza masomo yake hapo hapo. Mwezi Februari 2022 chuo kiliipa nyumba moja jina lake, nayo ni ile ile ya kitivo cha ualimu ambamo alikuwa amejifungia akisali. Alihudhuria sherehe. Siku chache baadaye, tarehe 2 Machi 2022, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 92.

Tunapenda habari zenye mwisho wa namna hiyo, lakini tusizipende mno. Jina juu ya ukuta halimrudishii mtu ujana wake. Miaka 32 ni maisha ya mtu. Haki iliyocheleweshwa kiasi hicho ni bora kuliko kutokuwa na haki, lakini aliyesubiri ndiye aliyelipa gharama ya kuchelewa.

Suzana na kijana Danieli

Katika Kitabu Kitakatifu tunayo historia inayofanana sana na hii, katika sura ya 13 ya kitabu cha nabii Danieli. Wazee wawili, tena waamuzi wa watu, walimtamani Suzana, mke wa Yoakimu. Walimvizia bustanini wakamwekea sharti: akubali, au watamshuhudia uongo kwamba walimkuta na kijana mwanamume. Tazameni jinsi walivyojiamini. Walijua kwamba wao ni wazee na waamuzi, na kwamba neno lao litapita la mwanamke. Hawakukosea: Suzana alipaza sauti, na baraza zima likawaamini wao, likamhukumu kufa.

Mwenyezi Mungu alimwokoa kwa kumwamsha mtu mmoja katika umati, naye alikuwa kijana. Danieli hakuwa na cheo. Alifanya mambo mawili tu: alikataa kushiriki hukumu iliyotolewa bila uchunguzi, kisha akauliza vizuri. Aliwatenga wazee wale, akamwuliza kila mmoja ni chini ya mti gani aliwaona. Mmoja akataja mti huu, wa pili akataja mwingine, na uongo ukaanguka. Danieli hakupiga kelele kwamba wanawake hawasemi uongo, wala kwamba wazee wote ni waovu. Alidai ukweli upimwe. Lakini kwanza ilibidi mtu asimame, maana pasipo mtu wa kusimama, ukweli wa Suzana ungezikwa pamoja naye.

Nchini kwetu

Ubaguzi, uonevu na unyanyasaji havijaishia Alabama. Mnajua kuna walimu wanaouza alama kwa fedha, na wengine wanaozitaka kwa mwili wa msichana. Wanafunzi wenyewe wametunga jina la mzaha linalozifananisha alama hizo na magonjwa ya zinaa. Mzaha huo ni kilio cha watu waliokata tamaa. Mnajua pia desturi ya kuwatesa wanafunzi wapya, ambayo wengine huthubutu kuiita “ubatizo”. Mimi katekista nasema wazi: ubatizo hutoa hadhi ya wana wa Mungu. Tendo linalomvua mtu hadhi yake lisichukue jina hilo.

Basi sheria inasemaje? Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 13, inakataza Mkongomani yeyote kubaguliwa katika mambo ya elimu kwa sababu ya dini, kabila au asili ya jamaa yake. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, juu ya ukatili wa kijinsia, inamwadhibu anayetumia mamlaka ya kazi yake kumshurutisha mtu ampe penzi: kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 12, au faini, au vyote viwili. Lakini sheria hiyo inasema pia kwamba, kwa kawaida, mashtaka ya kosa hilo hayaanzi mpaka aliyetendewa alalamike. Maana yake, tukimnyamazisha msichana, tumeifunga mdomo na sheria yenyewe.

Kanisa nalo halikusalimika na dhambi hii, wala halina ruhusa ya kuficha. Mwezi Mei 2019 Baba Mtakatifu Fransisko alitoa barua iitwayo Vos estis lux mundi, akaagiza kila jimbo liwe na njia ya kudumu ya kupokea taarifa za unyanyasaji unaotendwa na wahudumu wa Kanisa. Humo alikataza kumlipizia kisasi aliyetoa taarifa, na kumlazimisha anyamaze. Yale yaliyompata Autherine Lucy mwaka 1956, sheria ya Kanisa inayataja leo kuwa makosa.

Neno langu mwenyewe

Nisingekuwa mkweli kama ningewahukumu wakubwa wa Alabama na kujiacha mwenyewe. Miaka mingi iliyopita msichana mmoja, niliyekuwa nimemfundisha katekisimu, alinijia baada ya Misa. Aliniambia kwamba mwalimu wake wa chuo anamtaka afike nyumbani kwake kabla ya kumpa alama zake. Alisema kwa sauti ndogo, akitazama chini. Nilimjibu: “Vumilia, mwanangu, umalize masomo. Nitakuombea.” Akasema, “Asante, mwalimu,” akaenda.

Nilimwombea kweli. Lakini sikumwuliza ni siku gani, nani mwingine anajua, wala kama anataka nimsindikize kwa mtu anayeweza kusaidia. Mwaka uliofuata aliacha masomo. Aliendelea kunisalimia kwa heshima tukikutana njiani, lakini hakuniambia neno jingine la maisha yake. Nilikuwa nimemfundisha kwamba mlango wangu ni wa sala tu. Sala yangu ilikuwa njema. Niliitumia kama wakubwa wa Tuscaloosa walivyolitumia neno “usalama”.

Kwa hiyo, vijana wapendwa, nawaomba mfanye tofauti na mimi. Mwenzenu akiwaambia ameonewa, msikilizeni mpaka mwisho bila kumkatiza wala kumlaumu. Msaidieni kuandika mapema: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa, majina ya waliokuwapo. Tunzeni ujumbe wa simu, msiufute kwa aibu. Msimwache aende peke yake ofisini; awepo mtu mzima anayeaminika, na penye kosa la jinai atafutwe wakili au chama cha kutetea haki. Siri yake isigeuzwe kuwa habari ya kundi. Wala msikubali mambo yamalizwe kwa mbuzi na soda kati ya jamaa mbili, huku mwenye kuonewa akiwa hajaulizwa. Mficha maradhi, kifo humfichua. Na uonevu uliofichwa huhamia kwa msichana wa mwaka unaofuata.

Tena, mkishuhudia mtu anashtakiwa, msimhukumu kabla ya kuuliza. Danieli aliwauliza hata wale waovu swali la haki, na jibu lao ndilo lililowahukumu.

Mwisho, baadhi yenu mtakuwa walimu, maprofesa, mahakimu, mapadri. Siku moja mtaketi upande wa pili wa meza, na kijana mwenye kutetemeka atasimama mbele yenu akitafuta neno la kuanzia. Siku hiyo mkumbukeni Autherine ndani ya nyumba iliyofungwa, akisikia sauti za nje, akisubiri kujua kama kuna mtu atakayekuja kumfungulia.

Maswali ya kutafakari katika kundi

1. Katika shule au chuo chetu, mwanafunzi aliyeonewa anaweza kumwendea nani? Je, sote tunamjua mtu huyo?

2. Ni maneno gani mazuri (usalama, amani, uvumilivu, heshima ya jamaa) ambayo huwa tunayatumia ili tusimsikilize mwenye kulalamika?

3. Someni Danieli sura ya 13. Mngekuwa katika baraza lile kabla Danieli hajasema, mngekaa upande gani, na kwa nini?